Homa Imekwisha, Je, Moyo Umepona?

Mgeni aingiaye mji wetu wa Goma hachelewi kuonyeshwa ile sanamu ya rangi ya dhahabu, sanamu ya mtu na chukudu yake. Wenyeji twajivunia sanamu hiyo, na tuna haki. Chukudu ni chombo cha mbao chenye magurudumu mawili, kisicho na pedali wala injini. Nguvu zake ni miguu na kifua cha mwenyewe. Kila asubuhi twawaona vijana wakishuka kutoka Kibumba wamepakia viazi, kabichi na makaa, mzigo wa mamia ya kilo, nao hukaza meno wakaendelea. Watu husema, "Huyo ndiye mwanaume." Lakini ndani ya kifua cha kijana huyo yumo mchukuzi mwingine, ambaye hakuna aliyemjengea sanamu, naye ndiye afanyaye kazi kuliko wote. Mchukuzi huyo ni moyo. Leo twataka kuzungumza juu ya ugonjwa mmoja wa moyo usiojulikana sana katika nyumba zetu. Ugonjwa uingiao kwa mlango wa homa ya kawaida, tena usiowatendea wanaume na wanawake sawasawa.

Tutazame kwanza jinsi moyo ulivyo. Ni msuli, ukubwa wake wapata ngumi ya mwenyewe, nao hupiga mara 100,000 hivi kwa siku moja. Mkono ukiumia, twaufunga kitambaa na kuupumzisha. Mguu ukiteguka, twakaa barazani mpaka upone. Lakini moyo hauna baraza. Usiku na mchana, katika afya na katika ugonjwa, hauna budi kupiga. Na ukijeruhiwa, hupona huku ukiwa kazini. Kwa sababu hiyo mtu mwenye jeraha la moyo ahitaji kupunguziwa mzigo kuliko wagonjwa wengine wengi.

Jeraha hilo huletwaje? Vijidudu vidogo kabisa viitwavyo virusi, ambavyo havionekani hata kwa darubini ya kawaida, huingia mwilini kwa pua au kwa kinywa. Mtu hupata homa, mafua, maumivu ya koo, au tumbo la kuharisha. Kwa watu walio wengi mambo huishia hapo. Kwa wachache, virusi hufuata njia ya damu mpaka kwenye msuli wa moyo, na huko huziharibu chembe zake. Ndipo mwili hutuma askari wake wa kinga kwenda kumfukuza adui. Askari hao wakipigana kwa kiasi, adui hushindwa na moyo hupona. Wakipigana pasipo kiasi, wao wenyewe hubomoa nyumba waliyotumwa kuilinda. Wahenga walisema kweli: kikulacho ki nguoni mwako. Moyo huvimba na kudhoofika, na madaktari huuita ugonjwa huo mayokaditisi.

Mwisho wake ni wa namna tatu. Wengi hupona kabisa. Wengine hubaki na makovu ndani ya moyo. Moyo hutanuka na kulegea, hushindwa kusukuma damu ipasavyo, na maji hujaa mapafuni na miguuni. Wengine tena, nao ni wachache, hufa ghafula, kwa kuwa jeraha huvuruga mapigo. Kijana aliyekuwa mzima machoni pa watu huanguka uwanjani au njiani, na kabla hajazikwa majirani wameanza kuulizana ni nani aliyemtilia sumu. Ni mara ngapi katika mji wetu mtu asiye na hatia amenyoshewa kidole kwa kifo cha namna hiyo! Kumbe huenda aliyeua hakuwa jirani. Ilikuwa homa ya majuma mawili yaliyopita, ambayo kila mtu alikwisha kuisahau.

Maarifa haya yana historia, na sehemu yake ilitokea karibu na kwetu. Huko Entebbe, nchini Uganda, palikuwa na kituo cha uchunguzi wa homa ya manjano, kilichoanzishwa mwaka 1936. Mwaka 1946 wataalamu walipata virusi vipya katika tumbili mmoja aliyefugwa, ambaye miguu yake ya nyuma ilikuwa imepooza. Wakaviita virusi vya Mengo, kwa jina la wilaya ile. Mwaka 1948 George Dick na wenzake wakatangaza kwamba virusi hivyo vyaweza kumpata hata binadamu. Baadaye ikajulikana kuwa ni vya ukoo mmoja na virusi vilivyoonekana mwaka 1945 huko Florida, Marekani, katika nyani wa Asia aitwaye giboni, aliyekufa ghafula akiwa na uvimbe wa moyo. Mwaka huohuo wa 1948, Gilbert Dalldorf na Grace Sickles wa jimbo la New York walipata virusi vingine kwa watoto wa mji mdogo uitwao Coxsackie, na mji huo ukavipa jina lake. Katika jamii ya virusi vya Coxsackie, vile vya kundi B ndivyo vilivyochunguzwa sana kwa habari ya kuumiza moyo.

Virusi vya Coxsackie hupenda njia ileile ya polio na ya kipindupindu: kutoka chooni hadi mkononi, na kutoka mkononi hadi kinywani. Sisi wa Goma twajua uzito wa maneno hayo. Mji wetu umejengwa juu ya mwamba wa lava ya Nyiragongo. Kuchimba choo kirefu ni shida kubwa, na jamaa nyingi huchota maji ya Ziwa Kivu kwa bidoni. Wazee hawajasahau Julai 1994, kipindupindu kilipoua watu kwa maelfu kandokando ya mji. Basi mama amfundishaye mtoto kunawa mikono kwa sabuni hamlindi tumbo peke yake. Humlinda na moyo. Tena Coxsackie si peke yake. Mafua makali, Korona, na hata virusi vya UKIMWI, vyote vyaweza kuudhuru moyo.

Sasa tufike kwenye jambo tulilokusudia. Katika hesabu za hospitali za nchi mbalimbali, wagonjwa wa mayokaditisi walio wanaume huwazidi wanawake. Mara nyingi ni wanaume wawili kwa mwanamke mmoja, tena wengi wao ni vijana. Na mwanamke aliyeugua, moyo wake huelekea kurudiwa na nguvu vizuri kuliko wa mwanaume. Kwa nini iwe hivyo, ikiwa wote wawili hula chungu kimoja na kuvuta hewa moja?

Wataalamu walitafuta jibu kwa kuchunguza panya. Mwaka 1982 Sally Huber na wenzake, huko Marekani, walieleza jinsi panya wa kiume waliotiwa virusi vya Coxsackie walivyoumia moyo vibaya kuliko panya wa kike, na jinsi homoni za kiume na za kike zinavyohusika na tofauti hiyo. Baadaye DeLisa Fairweather, mtaalamu wa Mayo Clinic huko Florida, aliendeleza uchunguzi huo pamoja na wenzake. Jibu, kwa ufupi, ni hili. Homoni ya kiume, iitwayo testosteroni, huwachochea baadhi ya askari wa mwili wapigane kwa ukali na kuacha makovu. Homoni ya kike, iitwayo estrojeni, huwatuliza. Kwa hiyo mwanaume hashindwi kwa sababu virusi vyake ni vikali zaidi. Huumizwa zaidi na ghadhabu ya askari wake mwenyewe. Mwanamke naye asijione salama siku zote, maana estrojeni hupungua akomapo hedhi, na ulinzi ule hupungua pamoja nayo.

Tofauti hiyo ilionekana tena mwaka 2021, zilipotumika chanjo za Korona za aina ya mRNA. Wale wachache waliopata uvimbe wa moyo baada ya chanjo walikuwa hasa vijana wa kiume, mara nyingi siku chache baada ya sindano ya pili, na wengi wao walipata nafuu upesi. Twalitaja jambo hili waziwazi, kwa kuwa uvumi hukua mahali ukweli unapofichwa. Na ukweli mzima ni kwamba, kwa jumla, ugonjwa wenyewe wa Korona umeumiza mioyo mingi kuliko chanjo hizo.

Lakini, wasomaji wapenzi, tofauti za mume na mke katika ugonjwa hazitoki katika maumbile peke yake. Zina mizizi miwili: mmoja ni maumbile, wa pili ni desturi. Tukumbuke Ebola iliyotangazwa katika Kivu ya Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018, ikafika hapa Goma Julai 2019, ikakomeshwa tarehe 25 Juni 2020 baada ya kuua watu zaidi ya 2,200. Zaidi ya nusu ya waliougua walikuwa wanawake na wasichana. Je, virusi vya Ebola vilichagua wanawake? Sivyo. Ni wanawake wanaowauguza wagonjwa, wanaofua nguo zao, wanaowaosha na kuwalisha. Hapo mkosaji hakuwa damu wala homoni. Ulikuwa ni mgawanyo wetu wa kazi. Katika ugonjwa wa moyo mizizi yote miwili hukutana. Maumbile hatuwezi kuyabadili. Desturi twaweza.

Twamjua kijana mmoja wa mtaa wa Ndosho, msukuma chukudu, baba wa watoto wawili. Tumwite Baba Furaha. Alipata homa na kuharisha siku tano. Akanywa dawa za malaria, kama wengi wetu tufanyavyo kwa kila homa. Siku ya sita homa ikashuka, naye akaitoa chukudu uani. Mkewe akamwambia, "Baba Furaha, pumzika kwanza. Mizigo haitakimbia." Akajibu, "Mama Furaha, homa imekwisha. Nikikaa hapa, watoto watakula nini?" Jibu hilo hatuwezi kulicheka. Ni jibu la baba mwenye upendo, na katika mji huu, ambapo vita na lava zimewafilisi watu mara kwa mara, ni wachache walio na akiba ya juma moja.

Alisukuma siku mbili. Siku ya tatu, mahali penye mteremko mdogo ambapo zamani aliimba, alishindwa kupumua. Alisikia kifua kikimbana na mapigo yakiruka. Hakumwambia mtu. Usiku alilala ameketi, ameegemea ukuta, akasema ni joto. Mkewe ndiye aliyemwita kaka yake mkubwa, na kaka akamwambia, "Mdogo wangu, mtu halali ameketi kwa sababu ya joto katika mji wa baridi kama huu. Inuka twende." Majirani tulichanga nauli, akapelekwa hospitalini. Daktari akapima mapigo ya moyo kwa mashine, akautazama moyo kwa ekografi, akawaambia kwamba moyo umevimba. Akaandika dawa, kisha akatoa agizo lililokuwa zito kuliko dawa zote: miezi sita asisukume chukudu, asicheze mpira, asibebe gunia.

Miezi sita! Kwa mtu aishiye kwa kifua chake, hukumu hiyo yafanana na kifungo. Lakini daktari hakuitoa kwa ukali wa moyo. Mwaka 1970 wachunguzi wa Marekani walichapisha taarifa ya panya waliotiwa virusi vya Coxsackie. Baadhi yao waliachwa watulie. Wengine walilazimishwa kuogelea kila siku. Wale walioogelea walikufa kwa wingi kuliko wenzao, na virusi viliongezeka mno mioyoni mwao. Tangu zamani hizo madaktari wamewaonya wagonjwa wa mayokaditisi waache kazi nzito na michezo ya nguvu kwa miezi mitatu hadi sita, kisha wapimwe tena. Kusukuma chukudu juu ya mawe ya lava ni kuogelea kwa namna yake.

Jamaa ile iliishije? Mama Furaha alianza kuuza sambaza kutoka Kituku. Wanawake wa likelemba yake walikubali apewe zamu yake mapema, ingawa haikuwa imefika. Baba Furaha akabaki nyumbani na watoto, akipika uji na kuwafunga viatu. Wako waliomcheka njiani, wakasema amegeuka mwanamke. Hayo ndiyo yaliyomuuma kuliko sindano, na mara mbili alitaka kurudi barabarani ili kuwanyamazisha. Kaka yake akamzuia. Baada ya miezi sita akapimwa, na moyo ulikuwa umerudi karibu na ukubwa wake wa kwanza. Leo chukudu yake husukumwa na kijana mwingine kwa malipo, naye hutengeneza magurudumu ya wenzake.

Twaomba msomaji alipime jambo hili. Maumbile yalimpa kijana huyo moyo ulio rahisi zaidi kuumizwa na virusi. Desturi ikamwongezea mambo matatu: kurudi kazini mapema, kuficha maumivu, na kuona haya kupumzika. Katika hayo manne, matatu yamo mikononi mwetu.

Na wanawake je? Desturi huwapa mzigo wa namna nyingine. Mwanaume haambiwi kwamba amechoka, hata akiwa amechoka kweli. Mwanamke huambiwa kila mara kwamba amechoka tu, hata akiwa mgonjwa. Uko ugonjwa mwingine wa moyo unaowapata wanawake mwishoni mwa mimba, au katika miezi mitano baada ya kujifungua. Si lazima uletwe na virusi, lakini dalili zake ni zilezile: moyo hutanuka na kukosa nguvu. Unaonekana katika nchi nyingi za Afrika. Kaskazini mwa Nigeria ni mwingi sana, na Afrika ya Kusini umechunguzwa kwa miaka mingi na Karen Sliwa na wenzake.

Katika mtaa wetu, mama mmoja kijana alijifungua salama mtoto wake wa tatu. Juma la tano miguu yake ilivimba, akashindwa kupanda ngazi tatu za mlango wake, usiku akakohoa kila alipojilaza. Alipolalamika, wakubwa wa nyumba walimjibu, "Mwanangu, sisi sote tulizaa. Huo ni uchovu wa uzazi." Akaendelea kubeba mzigo wa sokoni, ukanda kwenye paji la uso na mtoto kifuani. Alipofikishwa kwa daktari alikuwa amechelewa, na mtoto wake sasa analelewa na bibi yake. Hatumlaumu mtu, waliomjibu hivyo walimpenda, nao walinena walichokijua. Ndiyo sababu twaandika, ili kijulikane zaidi.

Basi tufanyeje? Kwanza, homa ikishuka, tusidhani kwamba mwili wote umepona siku hiyo. Baada ya homa kali au mafua mazito, mtu aanze na kazi nyepesi kwa siku kadhaa, na aendelee kidogo kidogo. Pili, tuzijue dalili: kukosa pumzi kwa kazi uliyoizoea, kifua kubana, mapigo kuruka au kwenda mbio bila sababu, kuzirai, miguu kuvimba, kushindwa kulala chali. Moja ya hizo ikionekana katika majuma yafuatayo homa, au kwa mama aliyejifungua karibuni, tusingoje. Twende kwa daktari, na tumweleze kwamba kulikuwa na homa, au kwamba mama amezaa, maana neno hilo moja laweza kumwonyesha njia. Tatu, mgonjwa akiagizwa kupumzika, jamaa na majirani tujue kwamba agizo hilo ni letu pia. Dawa hununuliwa na mtu mmoja; pumziko la baba wa nyumba hununuliwa na jamaa nzima.

Nanyi wanafunzi, mpendao mpira kuliko chakula, msiingie uwanjani mkiwa na homa kwa kuogopa kuitwa waoga. Mwalimu wa michezo asimlazimishe kijana aliyetoka kitandani jana. Mchezo mmoja ukipotea, upo mwingine Jumapili ijayo.

Mwisho, twawasihi akina baba wawafundishe wana wao kusema, "Kifua chaniuma," bila haya. Na mwanamke asemapo, "Sipati pumzi," twawasihi wote waliomo nyumbani wamwamini mara ya kwanza, kabla hajasema mara ya pili.